Mwenye jina akifa: viwambo vya bunduki na mirathi nchini Marekani

Kama umewahi kusoma riwaya za kijasusi za Kiswahili, kifaa hiki unakijua. Jambazi anachomoa bastola, anaifunga kiwambo cha kuzuia sauti, inasikika "puf" moja, na jirani wa chumba cha pili anaendelea na usingizi wake. Sasa, nchini Marekani kifaa hichohicho kipo majumbani kwa mamilioni, na kihalali kabisa. Wawindaji wanacho, walenga shabaha wanacho, wakulima wanaohangaika na nguruwe pori wanacho. Kila kimoja kina namba yake, na namba hiyo imeandikwa kwenye daftari la serikali kuu pamoja na jina la mwenyewe.

Swali linalowaumiza kichwa wenye navyo halina ujasusi wowote. Ni lilelile linalogawa koo zetu: siku nikifa, hiki anachukua nani?

Marekani swali hilo lina meno. Kukutwa na kiwambo ambacho hakijasajiliwa kwa jina lako ni kosa la jinai la serikali kuu, na adhabu yake inaweza kufika miaka 10 jela. Mjane anayefungua sefu ya marehemu mume wake akakuta bomba jeusi lenye urefu wa kiganja anaweza kuwa ameshika urithi, na anaweza kuwa ameshika magendo. Tofauti haionekani kwa macho. Ipo kwenye karatasi, na mara nyingi iliamuliwa miaka mingi nyuma, siku marehemu alipojaza fomu na kuandika nani ni mwenye mali.

Hebu tuifuate historia ya karatasi hiyo. Inaanza na baba na mwana.

Baba wa kelele, mwana wa ukimya

Hiram Stevens Maxim alizaliwa Marekani mwaka 1840, akahamia Uingereza, na mwaka 1884 akaunda bunduki iliyojipakia risasi yenyewe kwa kutumia nguvu ya msukumo wake wa nyuma. Afrika Mashariki inaikumbuka kwa uchungu. Stanley alibeba moja mwaka 1887, alipopita Zanzibar kuchukua wapagazi wa ile safari ya kumfuata Emin Pasha. Kapteni Lugard aliitumia Mengo, Buganda, Januari 1892. Mwaka 1905 wapiganaji wa Maji Maji walipolishambulia boma la Wajerumani Mahenge, walipokelewa na bunduki za rashasha za namna hiyo. Kiswahili cha wakati ule kiliziita bombomu, na jina lenyewe linatosha kueleza kelele yake.

Mzee Maxim naye hakupona na kelele hiyo. Baada ya miaka mingi ya kusimama kando ya mashine zake, uzeeni alikuwa karibu kiziwi kabisa.

Mwanawe, Hiram Percy Maxim, alizaliwa mwaka 1869 na kuhitimu chuo cha MIT mwaka 1886. Alikuwa mhandisi wa magari na mpenzi mkubwa wa redio. Mwaka 1914 alishiriki kuanzisha chama cha wapenzi wa redio cha Marekani, ARRL. Mwaka 1909 alipata hataza ya kifaa cha kupunguza mlio wa bunduki, akafungua kampuni ya kukitengeneza huko Hartford, Connecticut.

Kinafanyaje kazi? Bunduki ikifyatuliwa, baruti inageuka gesi yenye joto kali na shinikizo kubwa. Risasi ikitoka mdomoni mwa bunduki, gesi hiyo nayo inatoka kwa ghafla na kugonga hewa ya nje. Ule mgongano ndio mlipuko unaousikia. Ni sawa na puto: ukilichoma na sindano linapasuka kwa kishindo, ukilifungua mdomo taratibu linatoa hewa "fyuuu" na kwisha. Kiwambo ni bomba lenye vyumba vidogo ndani, kimoja baada ya kingine. Gesi inaingia, inazungushwa, inapanuka, inapoa, halafu inatoka ikiwa imeshachoka.

Wazo hilohilo ndilo lililo kwenye ekzosi ya gari. Bomba la moshi la gari lako lina chungu katikati kwa sababu hiyohiyo, na kwa kweli kampuni ya Maxim baadaye iliachana na bunduki ikageukia kupunguza kelele za injini.

Riwaya zinatudanganya kidogo, lakini. Kiwambo kizuri hushusha mlio kwa takriban desibeli 20 hadi 35. Desibeli 30 ni kupunguza nguvu ya sauti mara 1,000, jambo kubwa sana kwa sikio la mwindaji. Ila bunduki kubwa huanzia kwenye desibeli 160 hivi, kwa hiyo kinachobaki bado kinapita honi ya gari iliyo hatua moja kutoka kwako. Na kama risasi inakwenda kasi kuliko sauti, yaani zaidi ya mita 340 hivi kwa sekunde, inapasua hewa njiani kwa mlio wake yenyewe ambao kiwambo hakiugusi. "Puf" ya riwayani ni nadra. Hata hivyo, picha ya muuaji wa kimyakimya ilishaingia vichwani mwa watu, na ikaingia kwenye sheria.

Dola 200

Miaka ya 1920 Marekani ilipiga marufuku pombe, na magenge yakatajirika kwa kuiuza. Tarehe 14 Februari 1929 watu 7 walipigwa risasi wakiwa wamesimamishwa ukutani kwenye gereji moja mjini Chicago. Mwaka 1933 mtu mmoja alimfyatulia risasi Franklin Roosevelt mjini Miami, kabla hata hajaapishwa kuwa rais. Zikamkosa, zikamuua meya wa Chicago. Serikali mpya ikataka sheria ya silaha.

Tatizo lilikuwa katiba. Wanasheria wa serikali hawakuwa na uhakika kama Bunge la Marekani lina mamlaka ya kukataza watu kumiliki bunduki moja kwa moja. Lakini mamlaka ya kutoza kodi lilikuwa nayo bila ubishi. Basi wakapita mlango huo. Sheria ya Taifa ya Silaha ya tarehe 26 Juni 1934 haikukataza. Ilitoza dola 200 kila mara bunduki ya rashasha, bunduki iliyokatwa mtutu au kiwambo kilipohama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na ikaagiza kila kimoja kiandikwe kwenye daftari la hazina.

Dola 200 ilikuwa karibu bei ya bunduki ya Thompson, silaha maarufu ya magenge. Kwa pesa za leo ni zaidi ya dola 4,000. Kiwambo cha Maxim kilikuwa kinauzwa kwa dola chache tu. Fikiria mtungi wa maji wa shilingi 5,000 uwekewe kodi ya shilingi laki kadhaa: hakuna haja ya kuupiga marufuku, biashara inakufa yenyewe. Mwaka 1937 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Sonzinsky, ikasema sawa, hii ni kodi halali.

Shika jambo hili, maana kila kinachofuata kinatoka hapo: kisheria, daftari hili lilizaliwa kama daftari la kodi. Na daftari la kodi linataka kujua kitu kimoja kuliko vyote: kimehama kutoka kwa nani kwenda kwa nani.

Kifo nacho ni kuhama

Sheria inaeleza "kuhamisha" kwa upana wa ajabu. Kuuza ni kuhamisha. Kuazima ni kuhamisha. Kuweka rehani, kutoa zawadi, yote ni kuhamisha, na kila uhamisho unahitaji kibali kabla haujafanyika. Sasa mtu akifa, mali yake inahama bila yeye kujaza fomu yoyote. Je, marehemu amevunja sheria? Mtoto wake je?

Jibu lililokuja kukubalika ni la busara. Kifo ni uhamisho usio wa hiari. Msimamizi wa mirathi anaruhusiwa kukishika kiwambo kwa muda unaofaa wakati mirathi inashughulikiwa, na hilo halihesabiki kuwa uhamisho. Baadaye anaomba kibali kwa fomu inayoitwa Fomu ya 5, kitu kinasajiliwa kwa jina la mrithi halali, na hakuna kodi. Dola 200 haikuwahusu warithi.

Ila kuna masharti, na kila moja limewahi kumnasa mtu. Msimamizi hawezi kumkabidhi mrithi kabla kibali hakijatoka. Hawezi kukipeleka kwa muuza bunduki wa mtaani "akitunze kwa muda", kwa sababu huko nako ni kukihamisha. Mrithi asiwe mtu aliyezuiwa na sheria kumiliki silaha, kwa mfano aliyewahi kuhukumiwa kwa kosa kubwa la jinai. Na awe anaishi kwenye jimbo linaloruhusu. Majimbo 42 yanaruhusu raia kumiliki viwambo. 8 yanakataza, yakiwemo California, New York na Illinois.

Halafu kuna sharti lililo zito kuliko yote: kitu kiwe kilisajiliwa tangu mwanzo. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Haynes, iliona kwamba kumtaka mtu mwenye silaha isiyosajiliwa aende kuisajili ni kumlazimisha ajitolee ushahidi dhidi yake mwenyewe. Bunge likarekebisha sheria na kufungua dirisha la msamaha, kuanzia tarehe 2 Novemba hadi tarehe 1 Desemba 1968. Aliyejisajili ndani ya siku hizo 30 alipona. Dirisha likafungwa, na tangu hapo mtu aliyekuta tu kitu kisichosajiliwa hana njia ya kukisajili.

Ndiyo maana kumbukumbu za vita zimekuwa mtego. Askari wengi walirudi kutoka Ulaya na Pasifiki mwaka 1945 na silaha za adui ndani ya mabegi. Wengine walizisajili, wengine walizifunga kwenye blanketi na kuzitupa darini. Mjukuu anayezikuta leo bila karatasi hana cha kufanya zaidi ya kuwaita polisi wazichukue. Aliye na karatasi anaweza kuwa na utajiri, kwa sababu mwaka 1986 sheria ilifunga daftari kwa bunduki mpya za rashasha za raia, na za zamani zilizosajiliwa zikapanda bei hadi maelfu kwa maelfu ya dola. Chuma ni kilekile. Kinachotofautiana ni karatasi moja.

Na karatasi hiyo si rahisi kuipata ikipotea. Kwa kuwa daftari ni la kodi, taarifa zake ni siri ya mlipakodi. Mtoto hawezi kupiga simu kuuliza baba alikuwa na nini. Ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa ndiye anayeweza kuomba kwa maandishi. Daftari lenyewe limewahi kulalamikiwa pia: mwaka 2007 mkaguzi mkuu wa Wizara ya Sheria ya Marekani alichapisha tathmini yake, ikaonyesha kuwa baadhi ya kumbukumbu zilikuwa na makosa. Mwenye nakala yake nyumbani ana usalama zaidi ya anayetegemea kumbukumbu za ofisini.

Ujanja wa miaka 700

Hapa inabidi turudi nyuma sana, mpaka Uingereza ya zama za kati, kwa sababu huko ndiko wenye mali walikokutana na tatizo hilihili wakiwa na ardhi badala ya bunduki.

Mwenye ardhi wa wakati ule alikuwa ameipata kwa bwana mkubwa juu yake, na juu kabisa alikuwepo mfalme. Akifa, mrithi alilipa ada ili aingie kwenye ardhi ya baba yake. Mrithi akiwa mtoto, bwana alichukua ulezi wake na mapato ya shamba mpaka akue. Na ardhi yenyewe kwa kawaida haikuweza kuachwa kwa wosia. Kwa ufupi, kila kifo kilikuwa siku ya mavuno kwa bwana.

Wanasheria wakagundua kitu. Ada inatozwa mwenye ardhi akifa. Basi tuwe na mwenye ardhi asiyekufa. Mzee anaiandikisha ardhi kwa marafiki zake watano kwa pamoja, kwa makubaliano kwamba wataishika kwa faida ya mkewe na watoto. Mmoja wa watano akifa, wanne wamebaki, hakuna kilichorithiwa, hakuna ada. Wakipungua, wanaongezwa wengine. Mzee mwenyewe akifa, kwenye karatasi hakuna mwenye mali aliyefariki.

Huo ndio mwanzo wa kile ambacho hapa nitakiita amana: mali iko mikononi mwa wadhamini, faida ni ya wanufaika. Kwetu wazo hili si geni. Misikiti, makanisa na vyama vyetu vina bodi za wadhamini, na Tanzania ina wakala mzima wa serikali, RITA, wenye neno "Udhamini" ndani ya jina lake. Pwani tumelijua wazo la jirani yake kwa karne nyingi kupitia wakfu: nyumba au shamba linawekwa kando, waliolitoa wanakufa, waangalizi wanabadilika, na mali inabaki na kazi yake. Zanzibar hadi leo ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Mfalme Henry VIII alipoona mapato yanavuja, alipitisha sheria mwaka 1536 iliyosema, kwa lugha ya mtaani, "tunajua mwenye mali halisi ni nani, na ndiye tutakayemtoza". Wenye ardhi wakakasirika sana, na hasira hiyo ikawa mojawapo ya madai ya uasi wa kaskazini mwa Uingereza mwaka huohuo. Mwaka 1540 mfalme akalegeza, akaruhusu sehemu kubwa ya ardhi iachwe kwa wosia. Amana haikufa. Ilibadilika, ikavuka Atlantiki pamoja na sheria za Kiingereza, ikatulia Marekani.

Amana yaingia kwenye sefu ya bunduki

Kisheria, mwenye silaha anaweza kuwa mtu, kampuni au amana. Kwa miongo mingi hilo halikuwa na maana kubwa. Mtu binafsi alipeleka alama za vidole, picha, na saini ya mkuu wa polisi au sherifu wa eneo lake. Hapo kwenye saini ndipo palipokuwa na mgogoro: baadhi ya wakuu walikataa kusaini, basi tu, na mwombaji akakwama.

Amana haikuwa na vidole. Haina sura ya kupigwa picha. Wala haikuhitaji saini ya sherifu. Mawakili wakaanza kuandika amana maalumu kwa ajili ya silaha, na habari ikasambaa haraka. Kwa takwimu za serikali yenyewe, maombi kutoka kwa amana na kampuni yalikuwa chini ya 900 mwaka 2000. Mwaka 2014 yalizidi 90,000.

Wengi waliingia kwa ajili ya kumkwepa sherifu, wakakuta faida nyingine ndani. Amana haifi, na hiyo ikawa kubwa kuliko ile iliyowaleta.

Serikali ikafanya kile alichofanya Henry VIII. Kanuni iitwayo 41F ilisainiwa Januari 2016 na kuanza kutumika tarehe 13 Julai 2016. Ilisema: tunajua amana ina watu nyuma yake, kwa hiyo kila "mtu mwenye wajibu" ndani yake alete vidole na picha. Lakini kama mwaka 1540, kulikuwa na kulegeza pia. Saini ya sherifu ilifutwa kwa wote. Siku hizi anataarifiwa tu. Na utaratibu wa msimamizi wa mirathi, ambao kabla yake uliishi kwenye barua na mazoea, ukaandikwa rasmi ndani ya kanuni.

Tangu siku hiyo amana haimwondolei mtu ukaguzi. Anayeichagua leo anaichagua kwa sababu zilezile za wenye ardhi wa kale: kushika mali kwa pamoja, na kuivusha upande wa pili wa kifo.

Jina lipi kwenye fomu?

Tuchukue mfano wa kubuni. Mzee mmoja wa Texas ana viwambo vitatu. Ana mke, ana mtoto wa kiume anayeishi jirani, na binti anayeishi California. Ana njia tatu.

Ya kwanza, ajiandikishe mwenyewe. Ni rahisi, fomu moja na vidole vya mtu mmoja. Akiwa hai, ni yeye tu anayepaswa kuvishika. Kijana akitaka kwenda kuwinda na kimoja, baba lazima awepo. Hata mke anayejua namba za siri za sefu anaweza kuwatia wasiwasi mawakili, kwa sababu sheria huangalia pia nani ana uwezo wa kukifikia kitu, hata kama hajakigusa. Mzee akifa, mirathi inafunguliwa mahakamani, msimamizi anavishika, Fomu ya 5 inakwenda, kibali kinarudi, kijana anapokea bila kodi. Inafanya kazi vizuri kabisa, mradi msimamizi anajua vitu hivyo vipo na karatasi zipo wapi. Asipojua, akavigawa siku ya tanga pamoja na makoti na saa za marehemu, amefanya kosa bila kukusudia.

Ya pili, aandikishe kampuni. Kampuni nayo haifi. Lakini ina ada na taratibu za jimbo kila mwaka, na ikifungwa, kutoa vitu kwa wanahisa ni uhamisho wa kawaida. Ile huruma ambayo sheria inamwonyesha mrithi haimhusu mwanahisa. Watoto wasiolipa ada hizo baada ya msiba wanaweza kujikuta na kampuni iliyofutwa huku vitu vyake viko sefuni.

Ya tatu, aandikishe amana, yeye akiwa mdhamini pamoja na mke na kijana. Hapo wote watatu wanaweza kuvishika kihalali, kila mmoja kwa wakati wake. Mzee akifa, wadhamini wawili wamebaki, na siku ya msiba hakuna aliyeshika kitu kisicho chake. Hati ya amana ikisema kijana ndiye wa kurithi, wanaweza kuomba Fomu ya 5 wakati wowote majonzi yakipungua. Wajukuu wanaweza kuwa wanufaika bila kutoa vidole, kwa kuwa bado hawashiki chochote. Gharama yake ni ada ya wakili, na kila ombi jipya linadai vidole vya wadhamini wote waliopo. Na hati iliyoandikwa ovyo ni hatari: kama amana yenyewe ni batili kisheria, basi jina lililo kwenye daftari ni la mwenye mali ambaye hakuwahi kuwepo.

Na binti wa California? Hakuna njia hata moja kati ya hizo tatu inayomsaidia. Jimbo lake linakataza, na amana haibadilishi sheria ya jimbo. Mzee mwenye hekima anamwachia kitu kingine, na anamweleza mapema kwa nini.

Kodi imeondoka, jina limebaki

Dola 200 ilikaa miaka 91 bila kuongezwa hata senti. Mfumuko wa bei uliitafuna mpaka kufikia miaka ya karibuni mara nyingi ilikuwa ndogo kuliko bei ya kiwambo chenyewe. Tarehe 4 Julai 2025 Marekani ilipitisha sheria kubwa ya bajeti, na ndani yake kodi ya viwambo ilishushwa hadi dola 0, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Kodi imebaki kwa bunduki za rashasha na vifaa vya milipuko.

Tayari kesi zimefunguliwa mahakamani zikiuliza: kama daftari lilihalalishwa kwa sababu ya kodi, na kodi ni sifuri, daftari linasimama juu ya nini? Ni swali zuri la kisheria. Lakini sheria iliyopitishwa iliondoa kodi tu. Fomu zipo, vidole vipo, kibali kipo, jela ipo.

Matokeo yake ni ya kushangaza kidogo. Sababu za zamani za kuchagua jina moja badala ya jingine zimepukutika moja baada ya nyingine. Sherifu alitoka mwaka 2016. Nafuu ya mrithi kutolipa dola 200 haina uzito tena, maana sasa hakuna anayelipa. Kilichobaki kutofautisha njia hizi tatu ni nani anaruhusiwa kushika leo, na nani atashika kesho mwenye jina akiwa hayupo.

Daftari lililoanzishwa kuwakamata majambazi wa Chicago limeishia kuwa, kwa familia nyingi za kawaida, jambo la wosia. Na wosia una udhaifu wake wa siku zote, Texas kama Tanga: unasaidia tu kama walio hai wanajua upo. Mawakili wa huko huwaambia wateja wao mambo ambayo hata mzee wa kijijini angeyasema. Weka nakala ya kila kibali mahali ambapo sefu ikifungwa bado itapatikana. Andika orodha ya vitu na namba zake. Mchague msimamizi anayejua kwamba bomba lile jeusi halipewi mtu siku ya msiba. Halafu, wakati bado una sauti, mwambie.